Kasha la Mama na Kura Zilizopotea

Mwaka ule wa hamsini na saba siasa ilimwingia kila mtu, hata klabu ya mpira ya mtaa wetu, Malindi, ikataka kumchagua mwenyekiti kwa kura za siri. Sanduku la kura hawana. Mume wangu Shamsi, bila ya kuniuliza, akawapa kasha langu nililorithi kwa mama.

Mgombea wake akashindwa. Kaka yangu Usi, wa upande wa pili, akapita barazani kwetu akicheka.

"Kura zetu zimo ndani bado," Shamsi akaniambia. "Makasha yana vidroo vya siri."

Hilo ni kweli. Cha mama nakijua, alikuwa akiwekea herini zake. Nikakivuta mbele yake, kitupu.

"Unaona? Basi kipo kingine!"

"Bwana, nshakwambia, hakuna kingine."

"Kingeonekana, kingekuwa cha siri?"

Akaligonga kasha ubao kwa ubao, sikio kalibandika, mpaka akang'oa nakshi za shaba. Nililia kwa hasira. Shaba zile mama alizisugua kwa ndimu kila Sikukuu.

Mwaka wa pili wakapiga kura tena, kasha lile lile, na mtu wa Shamsi akashinda. Shamsi akalipangusa vumbi, akalisifu kuwa ni kasha la haki. Anayeshinda hana haja na sanduku. Anayeshindwa ndiye huwa seremala. Asubuhi yake Usi huyo mlangoni, na shoka.

"Mwamvua, hili kasha lina tumbo la pili. Nnataka kulipasua."

"Mwaka jana hukuliona hilo tumbo, kaka?"

"Mwaka jana si tulishinda?"

Mkuki kwa nguruwe! Nikamwambia arudi alasiri, mume wangu akiwepo. Alipokata kona tu nikaita gari, kasha likaenda Makunduchi kwa mama mdogo, Bi Mwatima.

Alasiri wakakutana mbele ya nafasi tupu ya kasha. Mwaka mzima walikuwa hawasalimiani.

"Kaondosha ushahidi," akasema Usi.

"Mie nlimshuku zamani, shemeji," akajibu Shamsi.

Wakakaa barazani bega kwa bega, wakijadili nani kanituma. Kasha la mama limepona, nami kwa furaha nikawapikia kahawa. Wakavitazama vikombe, kisha wakatazamana.

"Mwamvua," akasema mume wangu, "hebu onja wewe kwanza."