Maua Yaliyokohoa

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, fundi wa eksirei wa kiwanda cha saruji alikuwa akificha mapafu ya mfanyakazi namba 118 ndani ya picha ya waridi, na waridi likakohoa.

Hakushtuka. Alichukia tu, maana alikuwa na mapafu mengine arobaini ya kuficha kabla ya saa sita. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: akishapiga picha, kompyuta inaivuruga mpaka inakuwa kama mchanga, kisha inaupenyeza mchanga huo ndani ya picha ya kawaida na kuituma makao makuu. Atakayeinasa njiani ataona maua. Wenye ufunguo wataona mapafu. Fundi mwenyewe hakupewa ufunguo, wala ruhusa ya kuchungulia.

Alizima spika. Waridi likaendelea. Akamwita fundi wa kompyuta, naye akainamisha sikio.

"Mashine nzima, dada. Anayekohoa ni ua," alisema, akajaza fomu kwamba hakuna hitilafu, akaenda zake kunywa chai.

Fundi wa eksirei akabadilisha picha. Ziwa likakohoa. Keki ya harusi ikakohoa mpaka ikapata ufa. Ng'ombe ndiye aliyezidi: vikohozi vitatu vifupi, kimoja kirefu, halafu, "Ah, balaa gani hili!" kwa sauti ya kaka yake fundi, aliyekuwa akifanya kazi chumba cha kusagia.

Mchana alimfuata kantini.

"Kaka, unakohoa ndani ya ng'ombe."

"Mimi? Barua yangu ya majibu hii hapa. Mapafu salama." Aliitoa mfukoni, mikunjo yake ilikuwa imejaa vumbi la saruji.

"Za wote zinasema hivyo. Zilichapwa hata kabla sijawapiga picha."

Kaka akaacha kutafuna. "Na aliyeniingiza humo nani?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Basi nitoe."

"Ufunguo sina, kaka!"

Wakaenda wote wawili kwa meneja, fundi akiwa amekumbatia kompyuta. Meneja alimsikiliza ng'ombe mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akapiga simu makao makuu na kuitikia "ndiyo, mzee" mara saba.

"Wanasema huko picha zinakohoa tangu mwaka juzi," aliwaambia. "Wameshazoea."

"Wamezoea nini? Hawa ni watu!"

"Dada, punguza sauti. Ng'ombe anapiga kelele, na wewe tena? Wamesema wanalishughulikia."

Na kweli walilishughulikia. Wiki iliyofuata ukaja waraka: kuanzia sasa, mapafu yafichwe ndani ya picha ambazo zenyewe zina makelele. Ukaambatishwa uwanja wa mpira wenye mashabiki elfu arobaini. Siku hiyohiyo zikagawiwa barua mpya za mapafu salama. Kaka mtu akatia saini yake, na king'ora kilipolia akarudi kusaga, maana ana watoto wanne na kiwanda ni hicho kimoja.

Fundi akakiingiza kiwanda kizima uwanjani. Walikohoa kwa pamoja, ungedhani goli limeingia. Akasonya. Kisha, huku akibofya kama anayetaka kuzing'oa herufi, akamtafutia kaka yake nafasi jukwaa kuu, karibu na mlango wa kutokea, penye upepo.