Ram Mbili za Mtambile

Kompyuta iliganda kwa mara ya tatu, na adhana ya alasiri haikuwa mbali. Asya alijilaani. Nani alimtuma kuchokonoa kitu kizima?

Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya marehemu baba yake, Mzee Nassor, akimtaka radhi mdogo wake, Mabruki. Miaka kumi na moja hawakusemezana. Leo ni khitma ya arubaini, na Mabruki alishatuma salamu kutoka Msuka: asipoisikia sauti hiyo kwa masikio yake, haingii nyumbani humo. Simu iliyorekodi ilikwishatolewa sadaka pamoja na kanzu za marehemu, na Asya mwenyewe ndiye aliyefuta vilivyomo.

Jana alitaka kuisafisha sauti, auondoe mkoromo wa kifua cha mgonjwa uliomkata maini kila alipousikia. Mashine ikalemewa. Akanunua ram mbili, vile vibao vya kumbukumbu ya kompyuta, dukani Mtambile, akazipachika kando ya mbili za zamani. Ukubwa wake sawa, zimeingia bila taabu. Kumbe kila jozi na spidi yake, na kufanya kazi pamoja hazitaki. Faili alilolisafisha lilitoka mlio mtupu. Lile la asili aliogopa hata kulifungua, lisije likaharibika nalo.

"Asya!" mama yake, Bi Kazija, aliita ukumbini. "Ami yako huyo, kasimama nje."

Akazima, akachomoa waya, akazing'oa ram mpya. Akawasha. Kioo cheusi. Akazima tena, akazikandamiza zile za zamani mpaka zikalia ta! Akawasha, na safari hii picha ikaja. Faili la asili lilikuwepo. Kulisafisha? Hakukuwa na wasaa tena. Alizisogeza spika dirishani.

"Ami, niwie radhi, haisikiki vizuri."

Mabruki, viatu miguuni, akasogeza sikio dirishani. Asya akalifungua faili.

"Mabruki…" Mkoromo. "Ndugu yangu…" Mkoromo mrefu, kama mtu anayeburuta gunia. "Nimekukosea. Nisamehe."

Asya aliinamisha uso kwa aibu.

"Hivyo ndivyo alivyosema?" Mabruki aliuliza. "Hamkupunguza kitu?"

"Nilitaka kuuondoa huo mkoromo, Ami. Sikuwahi."

Mzee yule akashika ukuta. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi.

"Kaniita," alisema, "na pumzi hana."

Akavua viatu, akaingia.