Goli Lililofundishwa Kuruka

Jana usiku niliota nimeitwa kwenye mtihani wa leseni ya ukocha, na mtahini ni filimbi. Amekaa kitini, amevaa tai, miguu haifiki chini. Nikampa shikamoo yake, maana mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba. Kocha Sikujua Ngonyani, hapa hatuulizi unajua nini. Tunaangalia unaweza nini. Umeshapata alama ya "Bado" mara mbili. Ukipata nyingine, Jumamosi wasichana wako wanacheza fainali, wewe unatazamia nje ya uzio."

Jamani! Wasichana niliowapokea hawajui hata kufunga kamba za viatu!

"Mwanafunzi wako yule pale," akasema. Nikageuka. Chumba kimeshakuwa uwanja wetu wa Songea, na goli la upande wa sokoni linanitazama. "Lifundishe kuruka."

Sikushangaa. Nimewahi kufundisha mabeki wazito kuliko hilo.

"Shikamoo Kocha," goli likasema.

"Marahaba. Haya, ruka!"

Goli halikutikisika. "Jitume! Changamka! Ruka bwana!" Kila neno linanitoka mdomoni likiwa chupa tupu ya soda na kuanguka kwenye nyasi.

"Maneno matupu hayahesabiwi," filimbi akasema, huku akizisogeza kwa mguu.

"Nakusikia, Kocha," goli likanong'ona kwa aibu, "ila naanzia wapi?"

Swali hilo hakuna mchezaji aliyewahi kuniuliza.

Napiga magoti. Nalipapasa nguzo nyeupe, natafuta goti. Lipo! "Kunja hapa. Taratibu. Sasa nitazame mimi." Naruka. Naruka tena, na umri huu, kanga kiunoni. Goli linakunja, linatetemeka, linaanguka kifudifudi.

"Si mbaya. Tanguliza mikono juu."

"Sina mikono, Kocha."

"Basi wavu."

Linarusha wavu, lenyewe linafuata. Limeng'oka! Linapaa juu ya soko, wauza dagaa wanapiga vigelegele.

"Kocha, naruka!"

"Nakuona, mwanangu! Ukitua, kunja magoti!" Nalia kwa furaha, wala sifuti machozi.

Likatua vizuri. Filimbi akapanda juu ya kiti, akajipuliza kwa nguvu zake zote: "Ameweza!"

Mlio ukaniamsha. Mume wangu ameketi kitandani, ameshika mikono yangu, anaigeuzageuza. Viganja vyote viwili vimejaa rangi nyeupe, mbichi, imeingia mpaka kwenye kucha.

"Mama Imelda, usiku huu ulikuwa unapaka nini?"

"Nilikuwa kwenye mtihani."

"Enhe?"

"Jumamosi nakaa benchi la kocha."