Sufuria ya Milioni Moja

Mashine ya kukandamiza sufuria haishuki mpaka mikono miwili ibonyeze vitufe viwili. Hiyo ndiyo kinga ya vidole. Asubuhi hiyo msimamizi alikifunga kitufe kimoja kwa waya kikae kimebonyezwa, ili sufuria ya milioni moja tangu kiwanda kianze itoke kabla mpiga picha wa jarida la kampuni hajafika.

"Fungua waya, mkubwa," fundi alimsihi. "Aliye mashineni ni shemeji yangu."

"Kwani shemeji yako ana mikono ya mayai?"

Fundi alinyoosha mkono aung'oe waya, akasukumwa hadi ukutani. Papo hapo chuma kilishuka. Shemeji alipiga ukelele, vidole vyake vitatu vikasagika, damu ikarukia bango la "Afya Yako Kwanza".

Wenzake walipokuwa wakimkimbiza zahanati, msimamizi aliichomoa sufuria, akaanza kuipangusa kwa ovaroli. "Milioni moja hiyo!"

Fundi aliona giza. Aliinyakua, akamtwanga nayo usoni, akarudia mpaka meno yakadondoka na sufuria ikabonyea.

Mpiga picha akaingia, akaulizia sufuria yenyewe. Fundi alijua kazi hana tena. Akamkabidhi.

"Hii hapa. Ipige hivyo hivyo, usiifute."