Kuku wa Emelyne

Jumanne asubuhi Mzee Malale, muunga mifupa, alifika Mwese na vijiti vya mianzi na majani yaliyotwangwa, akaomba kuku. Emelyne alikuwa amelala mkekani. Jana yake pikipiki ilikuwa imeteleza mteremkoni ikamwangukia, na mfupa wa paja la kushoto ukavunjika juu kabisa, karibu na nyonga. Mama Yotham, mama mkwe wake, alileta tetea mweusi. Mzee Malale alimvunja kuku mguu wa kushoto, akaufunga kwa mianzi na dawa ileile aliyomfungia Emelyne. Ndivyo ilivyo kazi ya waunga mifupa: siku kuku akitembea, mgonjwa naye amepona.

Kuku alitembea siku ya kumi na tisa. Emelyne alinyanyuliwa, akaanguka.

"Mguu bado, mama," alisema. "Nasikia mifupa inasagana."

"Kuku anatembea," alijibu Mama Yotham, akampa jembe.

Wiki hiyohiyo kuku alianza kuacha nyayo za mtu. Zilikuwa za mguu wa kushoto tu, vidole vitano, na kovu la kisiginoni ambalo Emelyne alilipata utotoni kwa kukanyaga chupa. Zilitoka jikoni zikaenda kisimani, shambani, Jumapili hadi kanisani, zikarudi. Udongo ulididimia kwa uzito wa mtu mzima. Mama Yotham alizifagia kila asubuhi pamoja na mavi ya mbuzi.

Nyayo zenyewe hazikumuudhi mtu. Ubaya ni kwamba ziligeuzwa ushahidi. Emelyne akisema hawezi kwenda kisimani, mama mkwe alimwonyesha njia: "Jana si ulienda? Nyayo zako hizo." Yotham, mumewe, alizitazama, akamtazama mkewe anayetambaa, akasema kweli ni zake. Mtu akiamua kuazima macho ya kuku, utamfanya nini?

Miezi minane ilipita hivyo. Paja lilikonda, mguu ukafupika kwa upana wa vidole vitatu. Emelyne alipalilia mahindi akiwa amekaa, akijisogeza kwa makalio tuta hadi tuta. Jioni alilia, na nyayo zilipita nje ya dirisha bila kusimama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada yake, Aurélie, alikuja kusalimia, akamkuta hukohuko shambani. Habari za kuku hakutaka kuzisikia. Alimpakia kwenye bodaboda, kati yake na dereva, akamshikilia kiunoni mpaka hospitali ya Mpanda.

Daktari Osward aliinua picha ya eksirei dirishani. Vipande viwili vya mfupa vilikuwa vimeachana kama watu waliokosana.

"Huu haujawahi kuunga hata siku moja," alisema. "Nani alimwambia atembee?"

"Kuku," alisema Aurélie.

Daktari aliandika kwenye faili: kuku.

Alhamisi alilifungua paja. Katikati ya vipande alikuta kovu gumu, na ndani ya kovu unyoya mmoja mweusi, mkavu. Aliutoa, akauweka kwenye sinia. Alikwangua ncha za mfupa mpaka zikatoa damu, akachota punje za mfupa nyongani mwa Emelyne, akazijaza kwenye pengo, akabana kwa bamba la chuma na skrubu saba. Nesi alihesabu vifaa, akatupa unyoya.

Emelyne alikaa kwa dada yake miezi minne. Picha ya mwisho ilionyesha mfupa umeshika. Watoto wake walikuwa Mwese, kwa hiyo alirudi Mwese, na kutoka barabarani hadi nyumbani alitembea mwenyewe kwa magongo mawili. Alikuwa na furaha. Alitaka mtu amwone.

Uani kuku alikuwa ameanguka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda palepale ulipovunjwa, na Yotham alikuwa ameshakwenda kumwita Mzee Malale. Mama Yotham alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amemtandikia kuku kitenge chake cha kanisani, na watoto aliwakataza kupiga kelele.

"Pole," alimwambia kuku. "Pole, mwanangu. Pole sana. Najua unaumia."

Tangu avunjike, Emelyne hakuwahi kuambiwa neno hilo katika nyumba ile. Alisimama palepale, akangoja kidogo.

"Umerudi," alisema mama mkwe bila kugeuka. "Ndoo iko pale. Mgonjwa anataka maji."

Emelyne aliegemeza gongo moja ukutani, akachukua ndoo.