Raundi Nzito

Nafasi ya kudumu ilikuwa moja, nasi tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Chaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba chaja akamnyima. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa kitambo. Bila chaja yake sikuwa na kazi. Naye alipochelewa, mimi ndiye niliyempokelea simu.

"Tunagombea kiti kimoja, dada, na bado unanifichia makosa," alinitania.

"Nikikuangusha leo, kesho nitachomeka wapi?"

Ujirani wa namna hiyo ndio tuliokuwa tukiuchunguza kazini, kwa programu ya kuigiza. Skrini yangu ilijaa vidoa, kila kimoja na akiba yake ya chakula. Kila raundi kidoa kilichagua kumgawia jirani au kumpora, na kilikumbuka kilichotendewa. Waporaji walishiba upesi, kisha wakakosa wa kuwagawia, wakafa. Kufikia mchana skrini yote ilikuwa buluu, rangi ya wagawaji. Hakuna aliyewafundisha.

Jioni ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kila nilipokaribia kuzima, buluu iligeuka nyekundu. Vidoa vilivyogawiana kutwa nzima viliporana mpaka vikabaki vichache. Nilikagua programu mstari kwa mstari. Hapakuwa na kosa, wala hapakuwa na kitu cha kuviambia kuwa siku imekwisha.

Chaja alivuta kiti karibu. "Kabla ya kuzima unafanya nini?"

"Nahifadhi nakala."

"Mashine inakuwaje?"

"Inakuwa nzito kidogo." Nikaifungua tena programu. Mashine ikiwa nzito raundi hurefuka, na urefu wa kila raundi ulikuwa miongoni mwa vitu ambavyo vidoa viliruhusiwa kusoma. Niliusahau humo tangu majaribio ya mwanzo.

"Na asubuhi unawaanzisha waliobaki, kumbukumbu zimefutwa," alisema. "Aliyepora raundi nzito anaamka na akiba, na hakuna anayemdai." Akacheka, lakini si sana. "Wananusa mwisho, dada. Kama hatutaonana tena, ujirani wa nini?"

Niliamua kuuondoa urefu huo mwishoni mwa wiki.

Ijumaa asubuhi, siku ambayo msimamizi alipaswa kutuambia nani anabaki, mashine yangu ikawa nzito. Sikuwa nikihifadhi chochote. Nilitazama: kuna mtu aliyekuwa akinakili mafaili yangu yote kupitia mtandao wa ofisi, kutoka chumba cha msimamizi, kama yanavyonakiliwa ya mtu anayeondoka.

Kwenye kona ya skrini kidoa kimoja kiligeuka chekundu. Halafu jirani yake.

Niligeuka. Chaja alikuwa akiitazama skrini yangu, si mimi.

"Mashine yako nzito leo," alisema.

"Ni mtandao tu."

"Ndiyo."

Akainama chini ya meza, akachomoa chaja yake, akaanza kuuzungusha waya mkononi, taratibu, bila chuki yoyote. Skrini ilizimika, vidoa vyote vikiwa vyekundu.

Mlango wa msimamizi ulikuwa bado umefungwa.