Megahezi Mia Tatu

Mimi sipendi mtu anifundishe kazi yangu, na mdogo wangu analijua hilo tangu tuko watoto. Basi siku ile saa nne asubuhi akaja dukani kwangu na kompyuta yake kifuani kama amebeba mtoto mgonjwa, akaishusha mbele ya wateja watatu, hata salamu hajamaliza.

"Dada, kadi ya picha inakwenda polepole mno. Nimesoma mtandaoni, wanasema huenda ni waya wa skrini."

"Wanasema! Wako wapi hao wanaosema, niwape viti?"

Wateja wakacheka. Nami nikichekewa, jamani, siachi.

Saa kumi kamili alikuwa na jaribio. Timu moja ya mbio za magari za kwenye kompyuta ilibakiza nafasi moja tu, na anayeitaka aendeshe mizunguko kumi kwa mashine yake mwenyewe, wao wakimtazama kupitia mtandao. Akipata, anakwenda kuishi na timu, ana mshahara wake. Miaka mitatu binti huyu alikuwa anafanya mazoezi chumbani kwa mama, na miaka mitatu mimi namwita dereva wa kochi.

Meza yangu imeegemea ukutani, migongo ya mashine inatazama ukuta, na mteja haruhusiwi kupita upande wangu. Waya wa skrini unaning'inia pale siku zote. Nikipokea mashine napeleka mkono nyuma bila kutazama, nachomeka kwenye tundu la juu, kazi inaanza. Mwaka wa kumi na moja huu nafanya hivyo. Mashine nyingi ninazotengeneza ni za maofisini, hazina kadi ya picha, kile kifaa cha kuchora michezo mizito, tundu ni hilo hilo.

Nikawasha, nikafungua mchezo wake. Gari linakwama, linaruka, linakwama tena. Pembeni namba ya mwendo wa kadi ilisoma megahezi mia tatu. Ilitakiwa ipite elfu moja na mia nane.

"Umeijaza vumbi."

"Si ulinisafishia Jumapili, dada?"

"Basi umeichosha. Kutwa kucha unaendesha magari yasiyofika popote!"

Nikabadilisha pawa saplai, kifaa kinachoilisha mashine umeme. Mia tatu. Nikafuta programu ya kadi, nikaweka mpya. Mia tatu. Nikaifungua kadi yenyewe, nikapangusa pasti ya kupoza joto iliyokauka, nikapaka nyingine. Mia tatu, na kadi baridi kabisa, feni zake hazijisumbui hata kuzunguka. Kadi inayofanya kazi lazima ipate moto. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini hasira zilishanipanda.

"Fundi, si uangalie tu huo waya aliousema mwenzio?" Huyo alikuwa mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua printa yake, kazi imeisha zamani ila amebaki kutazama.

"Mwalimu, mimi nikija darasani kwako nakushikia chaki? Haya, sikilizeni wote! Kama ni waya, navua aproni hii na duka anachukua huyu mdogo wangu!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mdogo wangu naye akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga.

Saa kumi kasorobo skrubu ilidondoka nyuma ya mashine. Nikawasha tochi, nikainama kuitafuta, nikauona. Waya wa skrini umekaa kwenye tundu la juu, la ubao mama, ule ubao mkuu wa mashine. Matundu ya kadi, chini yake, matupu. Picha zote zilikuwa zinachorwa na kile kichipu kidogo cha kazi za ofisini, kadi yenyewe imejilalia. Na Jumapili, nilipoirudisha mashine chini ya meza chumbani kwa mama, mkono wangu ulifanya vile vile.

Ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Kuchomoa, kuchomeka. Lakini skrini ingezima na kuwaka mbele ya macho yao, gari lingeteleza vizuri, na mwalimu angepiga kelele, "Kumbe ni waya!" Niliiona aibu hiyo yote kwa mpigo mmoja. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anajiuma kucha, ananitegemea mimi. Nampenda, nisiseme uongo. Nikazima tochi.

"Kadi imekufa," nikasema. "Endesha hivyo hivyo au uache."

Akaendesha. Alifunga usukani wake wa kuchezea kwenye ukingo wa meza, akajitambulisha kwa heshima kwa mtu wa timu kwenye skrini. Kona ya kwanza picha iliganda. Ilipoachia, gari lilikuwa ukutani. Mzunguko wa pili ikawa hivyo hivyo. Mwalimu akabeba printa yake, akatoka. Mzunguko wa nne yule mtu wa timu akasema kwa upole kwamba inatosha, wengine wanasubiri, na nafasi hii ikijaa hawatafungua nyingine.

"Mashine yangu ni mbovu, naomba hata kesho," mdogo wangu akasema, lakini kule walishakata.

Nilingoja alie, anilaumu. Kugombana ningeweza. Badala yake alifungua usukani taratibu, akakunja waya wake, akampigia mama simu, akaweka spika ili na mimi nisikie.

"Mama, nimekosa. Kadi imekufa. Hapana, mama, usimseme dada! Amehangaika tangu asubuhi, hata chai hajanywa kwa ajili yangu."

"Mpe simu," mama akasema.

Nikaipokea.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mwenzio hana mwingine zaidi yako."

Mdogo wangu alikuwa ananitazama, anaitikia kwa kichwa kila neno la mama.

"Amina, mama," nikasema.